Vitufe Kumi na Vitano

Mabatini, Mwanza
12 Januari 2025

Shangazi Selina,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari siku tatu, nakutangazia wewe na ukoo mzima kwamba Alhamisi iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na kuku wa jirani, rangi ya ubao wangu ilikauka.

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma, na baba na ng'ombe wake hawajambo. Huku tu wazima. Mke wangu Justa anakusalimu, ila analalamika mgongo kwa sababu nitakayoieleza.

Wosia wa babu Yakobo unasema piano yake apewe yule wa ukoo atakayefundisha watoto kuipiga. Na wewe, mtunza ufunguo, uliamua kwamba mwombaji afundishe kwanza miezi sita na kuleta taarifa kwa maandishi, kwa kuwa simu haina sahihi. Mwombaji ni mimi, na sina mpinzani. Tangu mkataba wangu wa kiwandani Nyakato uishe, nina muda na mikono miwili.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Piano inabaki kwako mpaka nifundishe, na kufundisha kunataka piano. Nimekitatua kwa kung'oa ubao wa ubavuni wa kitanda chetu (ndiyo habari ya mgongo wa Justa) na kumpelekea Obedi, yule anayeandika mabango ya maduka, auchore vitufe. Aliniuliza vinakaaje. Nikamwambia cheupe, cheusi, cheupe, cheusi, mpaka ubao uishe. Alisema hajapata kazi nyepesi hivyo tangu apake mistari ya kuvukia watoto pale shuleni.

Usiwe na wasiwasi na ujuzi wangu. Unakumbuka babu alivyokuwa ananiweka chini ya piano nishikilie ile pedali iliyokatika springi. Nilikaa huko miaka mitatu. Hakuna mtu aliye hai anayeifahamu piano ile kwa chini kunizidi mimi.

Nina wanafunzi wanne, wa miaka saba hadi tisa. Mtoto anabonyeza kitufe cha ubao, mimi naimba sauti yake. Wazazi wamekuja kutazama na hawana malalamiko.

Barua hii anaileta Mihayo, anayevusha nyanya kwa kivuko cha Kamanga.

Ni mimi mwanao,
Luhende


Sengerema
2 Februari 2025

Mwanangu Luhende,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Baba yako mzima, amenunua koti la mvua na tangu hapo mvua haijanyesha. Barua yako ilinifikia ina mbegu za nyanya ndani. Mwambie Mihayo mimi si shamba.

Nimeisoma mara mbili na nina maswali. Mtoto akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nani anaimba cha pili? Na umeeleza uliwahi kuwa chini ya piano. Juu yake sikumbuki kukuona.

Sikulaumu kwa hilo. Mimi na baba yako tulizaliwa nyumba moja na chombo kile na hatukuruhusiwa hata kukipangusa vumbi. Tulikaa nyuma ya pazia tukisikiliza. Tangu baba azikwe, kitambaa cha kufunika piano hakijafunuliwa.

Taarifa zako ziambatane na kila somo kama ulivyolifundisha, neno kwa neno, nizitunze kwenye faili. Kuhusu kusafirisha, baba alikataa maisha yake yote piano ivuke maji, nami sitamkosoa marehemu. Ikiwa utaipata, utaipata daraja la Busisi likikamilika.

Jambo moja zaidi. Ule wimbo wake wa jioni, aliokuwa akiupiga kabla ya kufunga mfuniko, haukuandikwa popote. Wewe unaukumbuka?

Shangazi yako,
Mwl. Selina Yakobo


Mabatini
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia koti la mvua limepatikana. Justa ameanza kulala kwa mama yake siku za Jumanne, anasema ni kwa ajili ya godoro.

Samahani kwa kuchelewa. Piano iliugua koo wiki mbili. Wanafunzi wanne wakifanya mazoezi ya mikono miwili, mimi peke yangu sitoshi, na daktari wa duka la dawa alinikataza kuimba sauti za juu. Sasa mkono wa kushoto anaimba Mwanaharusi, muuza vitumbua, mama yake mwanafunzi wangu Shamsia. Anaimba akikaanga, kwa hiyo mkono wa kushoto huchelewa kidogo mafuta yakipata moto.

Wimbo wa babu naukumbuka wote. Kule chini nilikuwa naujua kwa mguu wake: pedali ikishuka mara tatu, halafu kimya, halafu mara moja ndefu. Ndio ninaowafundisha.

Nakiri changamoto moja. Vitufe vyote vinafanana, hivyo watoto wanapotea. Mtoto akiinua mkono kujikuna, hawezi kurudi alikokuwa. Nimeweka doa la rangi nyekundu kwenye *do*, lakini likifunikwa na kiganja tunaanza upya. Nimeambatanisha somo la kwanza hadi la sita.

Shamsia ana miaka minane na anauliza sana. Mjomba wake kamletea kinanda cha kuchezea kutoka Dar, akaniuliza kwa nini kule vitufe vyeusi vimekaa viwili, halafu vitatu, halafu viwili, na katikati kuna mapengo. Nilimweleza kwamba watengenezaji wa vitu vya kuchezea wanabana matumizi.

Wazazi nimewaahidi onyesho, Jumamosi tarehe 26 Julai, kwa piano yenyewe. Wawili kati yao wamesema wazi kwamba ikiwa siku hiyo ni ubao tena, watoto wanahamia karate. Kwa hiyo unaona nilipo.

Luhende


Sengerema
30 Machi 2025

Luhende,

Marahaba. Huku tu wazima, mahindi yanakubali. Baada ya salamu hizi nakuomba ukae chini.

Jana nilifunua kitambaa. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kufuata somo lako la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, nione kama maelezo yanaeleweka na mtu mzima. Somo linasema: "Kati ya kila vyeupe viwili kuna cheusi kimoja." Nikaweka vidole kama ulivyoandika, nikakuta mahali pengine cheusi hakipo.

Nilifikiri ni macho. Nikavaa miwani, nikahesabu kwa kalamu nyekundu. Vyeupe hamsini na viwili. Vyeusi thelathini na sita. Kwa mujibu wa somo lako vyeusi vingetakiwa kuwa hamsini na kimoja.

Vimepungua kumi na vitano.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nimerudia mara nne. Kuna mtu ametoa vitufe kumi na vitano kwenye piano ya baba yangu, na ametoa kwa ustadi, hapana hata mkwaruzo. Ufunguo umekuwa kwangu tangu mazishi, kwa hiyo ni kabla.

Nijibu haraka. Usimpe Mihayo, mpe mtu asiyeuza kitu.

Sh. Selina


Mabatini
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kama ulivyoagiza.

Kumi na vitano ni vingi. Mimi kwa upande wangu naweza kuapa, maana nilikuwa chini, na kwa chini kitufe hakitoki. Aliyevitoa alivitolea juu.

Sitaki kumtaja mtu. Kila nyumba ina mtu mwenye mazoea ya kufungua vitu. Baba, kwa mfano, alishawahi kufungua redio ya babu na vipande vitatu havikurudi, lakini hilo lilikuwa suala la redio, na lilikwisha kwa fimbo. Sisemi zaidi.

Shamsia ameuliza tena kuhusu mapengo. Nimemwambia tuko somo la kumi, asirudi nyuma.

Onyesho ni wiki kumi na tano zijazo, kama idadi ya vitufe, Mungu atusaidie.

Luhende


Sengerema
25 Mei 2025

Mwanangu Luhende,

Marahaba. Najua nimekaa kimya. Ukoo ulikuwa na kikao.

Tulikaa Jumapili mbili. Ya kwanza watu walibisha. Ya pili nilibandika hesabu ukutani, vyeupe upande huu, vyeusi upande huu, na ubishi ukaisha. Kisha nikasoma barua yako, ile sehemu ya redio.

Watu wote wakamtazama baba yako. Ana miaka sitini na minane, amevaa lile koti la mvua. Nikamuuliza mbele ya wote: "Paulo, ni wewe uliyevitoa?"

Nilitegemea akane, nilikuwa nimejiandaa na maswali. Akasema, "Dada, utotoni nimefanya mengi na nimepigwa kwa machache. Hilo silikumbuki, lakini linafanana na mimi. Andika."

Nikaandika. Alitozwa mbuzi mmoja, yule mweupe aliyekuwa anampenda. Aliniomba radhi kwa kunishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwenye ile kesi ya redio. Lakini tangu siku hiyo haji kukaa kwangu jioni. Anapita nje, anasalimia kwa mbali.

Nimempa kazi fundi Chenge, wa milango na majeneza, achonge vitufe kumi na vitano na kuvigandisha mahali pake. Amechukua kipimo. Anasema waliovitoa walikuwa mafundi wakubwa.

Selina


Mabatini
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea. Msalimie baba. Mwambie... msalimie tu.

Nina ombi dogo la kitaalamu. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye ukumbi wa harusi Nyakato, nimekwenda kusaidia kubeba viti. Pale kulikuwa na kinanda kikubwa cha umeme. Nilikisogelea kwa juu. Nacho kina mapengo. Mahali pale pale.

Nilimuuliza mpigaji nani aliwaibia. Alinijibu, lakini muziki ulikuwa mkubwa na sitaki kunukuu nisichokisikia vizuri.

Ninachoomba ni kwamba Chenge asimame kwanza. Asiendelee kugandisha. Sababu nitazieleza baada ya onyesho, maana kabla ya onyesho zitaleta mkanganyiko usio wa lazima.

Mbuzi yupo bado?

Luhende


Sengerema
29 Juni 2025

Luhende,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, Mihayo siku hizi anapita darajani na anasahau kwamba ana barua kwa sababu hana tena muda wa kukaa kwenye kivuko na kuzikumbuka. Kwa hiyo Chenge amemaliza. Vimekaa vizuri, amevipaka kiwi ya viatu, huwezi kuvitofautisha. Sasa ni hamsini na kimoja. Nilihesabu nikalala usingizi.

Daraja limefunguliwa na sina sababu tena ya kuizuia piano. Itapakiwa kwenye lori la mahindi tarehe 25 Julai. Mguu hauniruhusu kuja. Baba yako ataisindikiza, ni sehemu ya adhabu, na ndiye atakuwa shahidi wangu.

Sharti ni hili. Mtoto mmoja apige wimbo wa jioni, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wake, bila wewe kuimba. Paulo anaujua wimbo ule kama mimi, tulikuwa pazia moja. Akisema ndio wenyewe, piano ibaki Mwanza na wosia umetimia. Akisema sio, irudi na lori lile lile.

Kuhusu sababu zako za kitaalamu, ziandike. Kuhusu mbuzi, sijakuelewa.

Selina


Mabatini
27 Julai 2025

Shangazi Selina,

Shikamoo. Sote wazima. Taarifa hii ni ya mwisho na nimeiandika mbele ya baba, ambaye amekaa kwenye ukingo wa kitanda chetu na anakunywa chai.

Piano ilifika Ijumaa jioni. Haikuingia mlangoni. Ikabaki uani chini ya turubai, karibu na jiko la vitumbua, na onyesho likafanyika hapo. Walikuja watu kama arobaini, wengine kwa sababu walidhani ni msiba.

Watoto watatu wa kwanza walipiga kama walivyofundishwa. Walihesabu kutoka kushoto hadi kwenye doa jekundu, nililokuwa nimelihamisha kutoka ubaoni kwa vipimo vya ubaoni. Iliyotoka ni sauti ya gari la ng'ombe linalopandisha mlima. Walipogusa vile vya Chenge, kila kimoja kiligonga kwanza *ko*, kisha kikatoa sauti ya kitufe cheupe kilichogandishiwa. Wazazi walipiga vigelegele. Vidole vya watoto vilitoka na kiwi, na mzazi mmoja wa karate alisema sasa anaona kwamba mtoto amefanya kazi.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, akatikisa kichwa taratibu. Sio wenyewe. Dereva wa lori akaanza kutafuta kamba.

Akaja Shamsia, wa nne. Alikaa, akatazama vitufe muda mrefu bila kubonyeza. Kisha akachomeka ukucha chini ya kimoja cha Chenge na kukibandua. Mama yake akaita jina lake mara moja, kwa ile sauti ya mkono wa kushoto. Shamsia akakibandua cha pili. Akapapasa mahali palipobaki, akanigeukia.

"Mwalimu, hapa hapajawahi kuwa na kitu."

Nilisema tuendelee na ratiba. Lakini baba alikuwa ameshafika. Aliinama kwa koti lake la mvua akapapasa na yeye. Wakavitoa pamoja vyote kumi na vitano, babu na mjukuu wa kazi moja, wakavipanga juu ya sahani ya vitumbua. Halafu Shamsia akaweka kidole gumba kushoto kwa vyeusi viwili, bila kuhesabu, bila doa, akapiga wimbo wa jioni, kama alivyokuwa ameutafuta kwenye kile kinanda cha mjomba wake. Mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kushuka chini kushika pedali, baba akanizuia kwa mkono.

Ulipoisha akasema, "Ndio wenyewe." Kisha akaniuliza, "Luhende, sasa mbuzi wangu alikuwa wa nini?"

Shangazi, yule mpigaji wa harusi nilimsikia vizuri kabisa. Alisema piano zote duniani zina mapengo hayo. Hakuna aliyeibiwa. Yamewekwa makusudi, ndiyo yanayomwonyesha mtoto *do* ilipo. Nililijua hilo tangu mwezi wa sita, na nikanyamaza, kwa sababu ningesema usingeleta piano. Na hata kabla ya kulijua, mimi ndiye niliyeandika habari ya redio.

Nimemweleza baba yote usiku wa onyesho. Asubuhi alitoka, nikafikiri amepanda gari, akarudi na msumari na nyundo akaanza kutengeneza kitanda kwa ule ubao. Umekaa upande wa rangi juu. Justa anasema utabaki hivyo.

Lori limeondoka bila piano, kwa sababu dereva alisikia "ndio wenyewe" akadhani ni amri. Uamuzi ni wako. Ukiitaka, nitailipia usafiri mwenyewe na sitabisha.

Mwanao,
Luhende

Nimeshuhudia. Wimbo ni ule. Paulo Yakobo


Sengerema
17 Agosti 2025

Luhende,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Mahindi yameingia ndani yote.

Nimeisoma taarifa yako mara nne, kama nilivyohesabu vitufe. Kisha nimetoa wosia wa baba kwenye faili. Unasema apewe atakayefundisha watoto. Hausemi awafundishe sawasawa. Piano ibaki huko.

Masomo yako kumi na manane nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuyarudisha ndani ya bahasha hii. Mpe Shamsia ayapitie kabla hujayatumia tena. Vile vitufe vya Chenge nirudishie, vinafaa kuzuia mlango.

Nimeitisha kikao kifupi Jumapili iliyopita, nikafuta jina la baba yako kwenye daftari mbele ya watu wote. Jioni alikuja kukaa. Aliniimbia nusu ya wimbo, akasahau, nikamalizia mimi. Kisha akauliza kama sasa atarudishiwa mbuzi wake.

Mbuzi tulimla siku ile ile ya kikao. Yeye ndiye aliyechoma.

Shangazi yako,
Selina